Bolti ya kwanza ilikatika, ya pili imetanua tundu: ni mkazo gani unaolivunja tela langu?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza matela ya trekta huku bonde la Kilombero. Tela moja la tani 3 lilikuwa linafungwa kwa bolti ya milimita 12 badala ya pini. Mkono wa tela ni plati ya milimita 6, umelala juu ya plati ya trekta, na bolti imepita katikati. Ilikatika siku trekta inajinasua kwenye tope ikiwa na mpunga. Nikaweka bolti nyingine ya 12, ila hii ngumu yenye 8.8 kichwani. Haijakatika, lakini baada ya msimu mmoja tundu la plati limetanuka na bolti inacheza. Chuoni tulifundishwa kuwa mkazo una aina tatu. Kijana wangu anayesoma ufundi anasema kitabu chake kina tano, na mwenzake anasema sita. Ni ngapi hasa? Na ni upi ulionikatia bolti?

Jibu: Marahaba, fundi. Wote wako sahihi, maana kila mmoja anahesabu kitu chake. Wanaosema tatu wanahesabu kuvuta, kugandamiza na kukata. Wa tano wanaongeza kupinda na kusokota. Wa sita anaongeza mkazo wa pini kuubana ukingo wa tundu, na huo ndio uliokusumbua mara ya pili. Mimi nikibanwa nitaje idadi, nitasema ni aina mbili tu. Ukizielewa hizo mbili, bolti yako tutaipigia hesabu bila shida, kwani vipimo ulivyotoa vinatosha.

Mkazo ni nguvu ukiigawa kwa eneo linaloibeba. Tela likivutwa kwa nguvu ile ile, bolti nyembamba inapata mkazo mkubwa na bolti nene inapata mdogo, ingawa trekta ni lile lile na dereva ni yule yule. Kwa hiyo mteja akikuuliza chuma hiki kinabeba tani ngapi, huna jibu mpaka ujue kina unene gani na mzigo unakijia kwa upande upi. Nguvu tunaipima kwa nyutoni, na kilo moja ina uzito wa karibu nyutoni 10. Eneo la vitu vya karakana tunalipima kwa milimita za mraba. Nyutoni moja juu ya milimita moja ya mraba ndiyo megapaskali moja, MPa, na kipimo hicho ndicho nitakachotumia mpaka mwisho.

Kwa sababu kipimo chake kinafanana na cha presha, wengi hudhani mkazo ni presha iliyo ndani ya chuma. Hapana. Hewa ya tairi inasukuma sawasawa pande zote. Ndani ya chuma, mkazo unategemea unatazama uso upi. Chagua nukta moja katikati ya bolti, iwazie imekatwa na uso ulioelekea huku, utapata mkazo fulani. Geuza uso huo uelekee kwingine, pale pale kwenye nukta ile ile, na mkazo unabadilika. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy ndiye aliyeliweka wazo hili kwenye hesabu mwaka 1822, na mpaka leo programu zote za kukokotoa majengo na mashine zinasimama juu yake.

Basi, kwenye uso wowote utakaouchagua, nguvu ina njia mbili za kupita. Ama inasimama wima juu ya uso huo, ikitaka kuvitenganisha vipande viwili au kuvibana pamoja. Ama inalala sambamba na uso, ikitaka kipande kimoja kiteleze juu ya kingine. Huo wa kwanza ni mkazo wa wima, na ndani yake mna mvuto na mgandamizo. Wa pili ni mkazo wa mkato. Njia ya tatu hakuna. Kupinda, kusokota na kubana tundu ni namna mzigo unavyoileta mikazo hiyo miwili na kuipanga ndani ya chuma, hapa mingi, pale michache.

Hili usilikubali kwa maneno matupu. Chukua chaki ya ubaoni, nzima, ishike ncha mbili na uisokote polepole bila kuipinda. Itakapokatika, tazama uso wa mvunjiko: haukukatika bapa, umezunguka chaki kwa mshazari wa karibu digrii 45. Sasa tafuta bolti ya chuma laini ambayo mtu ameikaza kwa spana ndefu mpaka ikakatika kwa msokoto. Uso wake ni bapa, umekingama, una alama za kuzunguka. Vyote viwili vimesokotwa, na kila kimoja kimevunjika kivyake.

Sababu ni kwamba msokoto unaleta mkato mtupu kwenye uso uliokingama, lakini kwenye uso wa mshazari wa digrii 45 msokoto huo huo unaonekana kama mvuto mtupu, wenye kiasi kile kile. Chaki haiwezi kustahimili mvuto, kwa hiyo inaachana kwenye mshazari. Chuma laini kinaanza kushindwa kwa kuteleza, kwa hiyo kinaachana kwenye uso uliokingama ambako mkato ni mkubwa. Na kinyume chake ni kweli: ukiivuta nondo moja kwa moja, ndani yake kuna mkato pia, nusu ya kiasi cha mvuto, kwenye nyuso za mshazari. Ndiyo maana nondo iliyovutwa hadi ikakatika huwa imekonda shingo kwanza, na ukingo wa mvunjiko wake una mteremko. Kwa hiyo kabla ya kutupa kipande kilichovunjika, kigeuze kwenye mwanga ukikague. Kinasema mengi kuliko dereva.

Tuje kwenye bolti yako. Makosa ya kwanza ya mafundi wengi ni kuchukua tani 3 za mzigo na kuzipeleka zote kwenye pini. Uzito wa mpunga unabebwa na magurudumu. Pini inabeba nguvu ya kuvuta tu. Tela pamoja na mzigo tuseme ni tani 4, yaani uzito wa nyutoni 40,000. Kwenye njia kavu ya udongo, ukinzani wa magurudumu kubingirika tuuchukulie kama asilimia 5 ya uzito huo, nyutoni 2,000. Kipande cha mwinuko wa mita moja kwa kila mita kumi kinaongeza 4,000. Jumla ni nyutoni 6,000, ambazo ni kama kilo 600 zikining'inia. Bolti yako ingecheka.

Lakini wewe umesema tope. Magurudumu yakinasa, dereva anarudi nyuma kidogo kisha anaachia klachi kwa ghafla. Tani 4 zilizokuwa zimesimama zinatakiwa ziondoke kwa kishindo, na mapengo yote kwenye kiungo yanapigwa mara moja. Kwa kazi ya namna hiyo nazidisha nguvu ya kawaida mara tano. Ni makadirio ya kikarakana, na kwa dereva mkorofi huenda ni madogo. Tuchukue nyutoni 30,000.

Bolti isiyo na alama ya maana kichwani, zile za bei rahisi, ichukulie kuwa ya daraja la 4.6. Namba hizi zinasomeka hivi: ya kwanza mara 100 ni mkazo wa mvuto unaoikata bolti, hapa MPa 400. Ya pili inasema ni sehemu ngapi za kumi za mkazo huo ambapo bolti inaanza kunyooka bila kurudi, hapa sita ya kumi, yaani 240. Kwa mkato, chuma kinastahimili takriban asilimia 60 ya kile kinachostahimili kwa mvuto. Kwa hiyo bolti yako ya kwanza ilikuwa na uwezo wa kukatwa kwa karibu MPa 240.

Bolti ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Kwa jinsi ulivyoifunga, plati moja juu ya nyingine, kuna uso mmoja tu unaokatwa, pale plati zinapokutana. Nyutoni 30,000 gawa kwa 113 ni MPa 265. Uwezo ni 240. Imekatika, na ilikuwa haki yake. Tena kama nyuzi za bolti ziliangukia pale pale plati zinapokutana, eneo halikuwa 113, lilikuwa karibu 84, na mkazo ukapanda mpaka 357. Kwenye mvunjiko utaliona hilo: ukikuta alama ya nyuzi ukingoni, jibu ni hilo. Siku nyingine chagua bolti ambayo sehemu yake laini isiyo na nyuzi inavuka uso wa mkato.

Sasa tuseme mkono wa tela ungeingia ndani ya uma, plati moja ya trekta juu na nyingine chini. Ili bolti ikatike, lazima ikatwe sehemu mbili kwa pamoja. Eneo linakuwa 226 na mkazo unashuka hadi 133. Bolti ile ile ya bei rahisi, siku ile ile ya tope, pengine ingerudi nyumbani nzima. Hujaongeza hata shilingi kwenye bolti, umebadilisha njia ya nguvu tu.

Ulipoweka 8.8 uliongeza uwezo, lakini mkazo ulibaki 265, kwa kuwa nguvu ni ile ile na eneo ni lile lile. Uwezo wa mkato wa bolti hiyo ni kama MPa 480, kwa hiyo ikasalimika. Ila nguvu haiishii kwenye bolti. Inatoka kwenye bolti na kuingia kwenye ukuta wa tundu, na eneo la kuhesabu hapo ni kipenyo cha bolti mara unene wa plati: 12 mara 6, milimita za mraba 72. Nyutoni 30,000 juu ya 72 ni MPa 417. Plati za kawaida za madukani zinaanza kulegea kwenye mvuto wa karibu 250. Ukutani mwa tundu chuma kimezingirwa na chuma kingine, kwa hiyo kinavumilia zaidi kidogo, tuseme mara moja na nusu, 375. Bado 417 imepita. Plati haikukatika, ilisukumwa ikatiririka kidogo. Kesho yake pengo lile lilimpa dereva nafasi ya kishindo kikubwa zaidi, na kishindo kikalipanua pengo. Msimu mmoja unatosha sana.

Mkazo huu wa kubana tundu unadharauliwa kwa sababu hauvunji kitu kwa mlio. Tarehe 17 Julai 1981, huko Kansas City, Marekani, njia mbili za watembea kwa miguu zilizoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency zilianguka juu ya watu, na 114 wakafariki. Kwenye mchoro wa awali, fito ndefu za chuma zilitoka darini, zikapita njia ya juu na kufika ya chini, kila njia ikikalia nati zake. Wakati wa kutengeneza, fito ndefu zikaonekana ni usumbufu, zikagawanywa: za kwanza zinatoka darini hadi njia ya juu, za pili zinaanzia kwenye njia ya juu kwenda ya chini. Kwa macho ni kitu kile kile. Kwa nguvu, nati za njia ya juu sasa zilibeba njia mbili badala ya moja. Fito hazikukatika. Boriti za boksi ndizo zilizofunguka pale nati zilipozikalia, nati zikapenya. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa awali ulikuwa chini ya kanuni za ujenzi za mji ule, lakini badiliko hilo liliondoa hata akiba ndogo iliyokuwepo.

Kabla sijakupa vipimo vipya, nikuonye kuhusu tabia ya kuweka bolti ngumu kila kitu kinapokatika. Mashine nyingi za shambani, za kukata majani kwa mfano, zina pini iliyowekwa makusudi ikatike. Kisu kikigonga jiwe, pini ya bei ya soda inakatika kwa mkato na giaboksi inapona. Nimeshaona mashine iliyowekewa 10.9 mahali pa pini hiyo, na kilichofuata kukatika kilikuwa shafti. Soma kitabu cha mashine kwanza. Pini ya tela si ya aina hiyo, hiyo haitakiwi kukatika kamwe.

Kwa tela lako tengeneza uma, plati za milimita 10, na pini ya milimita 20. Mkato unakuwa kwenye nyuso mbili zenye jumla ya milimita za mraba 628, mkazo kama MPa 48. Ulimi wa tela, yaani ncha ya mkono inayoingia ndani ya uma, nao uwe wa milimita 10: mkazo wa tundu unakuwa 30,000 gawa kwa 200, yaani 150. Hizo ni namba za kulala nazo usingizi.

Ila uma unaleta jambo jipya, kupinda. Ukiacha uwazi wa milimita 40 kati ya plati za uma na ulimi wa 10 unaelea katikati, pini inakuwa bimu ndogo yenye mzigo katikati. Nguvu mara uwazi, gawa kwa nne: unapata nyutoni-milimita 300,000. Gawa kwa kipimo cha ukinzani wa duara la milimita 20, ambacho ni 785, na unapata MPa 382 kwenye ngozi ya pini. Pini ya chuma laini, inayoanza kulegea kwenye MPa 240, itapinda, na ukiipiga nyundo kuitoa utajua habari yake. Punguza uwazi hadi milimita 14 na mkazo huo unashuka hadi 134. Usiuzibe kabisa, kwa sababu tela linahitaji kuinama na kuinuka kwenye matuta. Zungushia kingo za ulimi ziwe za mviringo, kisha acha milimita mbili tatu kila upande.

Jambo jingine ni umbali wa tundu kutoka ukingo wa plati. Pini inaweza kuchana kipande chote kilichobaki mbele yake, kwa mkato wa mistari miwili. Ukiacha milimita 15 tu za chuma kwenye plati ya 6, eneo ni 15 mara 6 mara mbili, yaani 180, na mkazo ni 167. Plati ya kawaida inaanza kulegea kwa mkato kwenye 145 hivi. Kwa pini ya 20, kutoka kitovu cha tundu hadi ukingo wa ulimi weka milimita 40.

Na tundu litobolewe kwa drili. Najua karakana nyingi zinatoboa kwa elektrodi au gesi kisha zinasafisha na jiwe, lakini mikwaruzo inayobaki ina gharama. Mkazo unapolikuta tundu unafanya kama maji ya mto yakifika kwenye nguzo ya daraja: yanabanana pembeni na kwenda kasi. Mjerumani Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba kando ya tundu la duara kwenye plati pana inayovutwa, mkazo unafika mara tatu ya ule wa mbali. Hiyo ni duara safi. Mkwaruzo wenye ncha kali unapandisha zaidi. Chuma laini kinaweza kuvumilia hali hiyo kwa mzigo wa siku moja, kwa sababu pale pembeni kinalegea kidogo na kugawa mzigo kwa majirani. Kwa mzigo unaokuja na kuondoka maelfu ya mara, ufa unaanzia hapo hapo.

Huo ni uchovu wa chuma, ambao August Wöhler aliuchunguza kwenye ekseli za treni huko Prussia katika karne ya 19. Kitu kinakatika kwa mkazo ambao mara moja au mara mia kingeubeba bila neno. Utautambua kwenye mvunjiko: sehemu moja ni laini, imesuguliwa, ina mistari iliyopindana inayotoka kwenye nukta moja, na sehemu iliyobaki ni ya kukwaruza, ndiyo iliyoachia siku ya mwisho. Ukikuta sura hiyo kwenye bolti yako ya kwanza, tope limesingiziwa. Tope lilimalizia tu.

Sasa kwa kijana wako, hayo mengine kwa ufupi. Mvuto ndio mwepesi kuliko yote, nguvu kwa eneo na umemaliza. Mgandamizo una mtego wake: kitu chembamba kikisukumwa hakisubiri mkazo ufike kikomo, kinabetuka pembeni mapema. Nondo ya milimita 12 ikivutwa inaweza kufika tani 5 kabla ya kulegea. Isimamishe wima, urefu wa mita moja, ncha zote mbili zikiwa huru kuzunguka, kisha ikandamize: inabetuka kwenye karibu kilo 200. Chuma ni kile kile, eneo ni lile lile. Hapo hesabu ya mkazo peke yake inadanganya, na ndiyo sababu vijiti vya kushikilia fomu ya slabu huwekewa mikingamo.

Kupinda ni mvuto na mgandamizo ndani ya kipande kimoja. Bimu iliyokalia nguzo mbili inanyooka upande wa chini na kubanwa upande wa juu, na katikati kuna mstari usio na moja wala nyingine. Zege ni gumu kwa mgandamizo, lakini mvuto wake ni karibu sehemu ya kumi tu, kwa hiyo nondo kuu hukaa chini. Kwenye kibaraza kinachochomoza nje bila nguzo, mambo yanageuka: upande unaovutwa ni wa juu. Fundi anayeweka nondo chini kwenye kibaraza kwa sababu amezoea bimu anatengeneza ajali. Kwako wewe wa vyuma, kumbuka kwamba flatibaa ya 100 kwa 10 iliyosimama kwa ubavu ina ukinzani wa kupinda mara kumi ya ile iliyolala. Na kama chesisi inabonyea tu bila kulegea, kununua chuma cha daraja la juu hakutasaidia: vyuma vyote, laini kwa ngumu, vina unyumbufu wa karibu MPa 200,000, vinabonyea sawasawa. Ongeza kimo cha chaneli.

Kusokota ni mkato unaokua kutoka sifuri katikati ya shafti hadi kilele kwenye ngozi yake. Shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine za shambani, ile ya mizunguko 540 kwa dakika yenye kipenyo cha milimita 35, ikipitisha kilowati 30 inabeba nyutoni-mita 530, na mkazo wa ngozi ni kama MPa 63. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, mkazo unashuka mara nane. Na kwa kuwa katikati hakufanyi kazi kubwa, propela shafti za magari zinatengenezwa kwa bomba.

Umesahau kuuliza kuhusu kuchomelea, nami nalitaja kwa sababu ndiko matela mengi yanakoachia. Weldi ya pembeni yenye miguu ya milimita 6 haina unene wa 6. Koo lake, pale inapokatikia, ni 0.7 ya mguu, yaani 4.2. Weldi ya urefu wa 100 ina milimita za mraba 420, na kwa nyutoni zetu 30,000 inapata mkazo wa 71. Ni salama ikiwa imeshika kweli. Ikiwa imelala juu ya kutu na rangi, eneo uliloandika kwenye karatasi halipo.

Mkono wa zamani usiujaze weldi kwenye tundu na kutoboa upya. Kata kipande cha mbele, weka ulimi mpya wa milimita 10, upana 80, tundu la milimita 21 lililotobolewa kwa drili, kitovu chake milimita 40 kutoka ukingoni. Upana huo, ukitoa tundu, unakuachia milimita 59 za chuma mara 10, yaani 590, na mvuto wa MPa 51 hivi. Pini iwe ya 20, isiyo na nyuzi mwili mzima, yenye kichwa juu na klipu ya kuizuia chini. Halafu weka mnyororo wa akiba kutoka kwenye tela hadi kwenye trekta, na uufunge kwenye tundu lake mwenyewe, usiupitishe kwenye pini ile ile.